Karen, Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia na vivutio vyake

Watu wengi hufika Karen kwa sababu ya twiga au kwa sababu ya sinema ya Out of Africa, wakarudi mjini bila kujua kwamba siku nzima walikuwa wakikanyaga shamba la kahawa lililofilisika. Ukilijua hilo mambo mengi ya Karen yanaeleweka: ploti zake kubwa, miti, ukimya, hata mabishano ya wakazi na wajenzi wa maghorofa. Unaweza kusoma swali lolote peke yake. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine tumelitajia namba ya swali lake.

## Mambo ya mwanzo

1. Karen iko wapi hasa? Ni Nairobi au Kajiado?

Ni Nairobi. Karen ni wadi katika eneo bunge la Lang'ata, kusini-magharibi mwa jiji, umbali wa kama kilomita 15 hadi 20 kutoka katikati ya mji kutegemea njia uliyoshika. Mkanganyiko unaletwa na majirani. Ukiendelea na Ngong Road baada ya Karen unaingia mji wa Ngong, ambao uko Kaunti ya Kajiado. Ukishika Magadi Road ukavuka mto Mbagathi unaingia Ongata Rongai, nayo ni Kajiado vilevile.

Kitovu cha mtaa ni pale Ngong Road na Lang'ata Road zinapokutana, penye mzunguko wa barabara, maduka, benki na stegi ya matatu. Mtu akikwambia "tukutane Karen" bila kuongeza neno, ana maana ya hapo.

Tena, Karen haikuwa sehemu ya mji tangu zamani. Iliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963, mipaka hiyo ilipopanuliwa kuchukua pia Dagoretti na Hifadhi ya Taifa. Kabla ya hapo ilikuwa mashamba na makazi ya nje ya mji, na wazee wa huko bado husema "naenda Nairobi" wanapokwenda kununua vitu mjini.

2. Jina Karen limetoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba limetoka kwa Karen Blixen, Mdenmaki aliyeishi hapa kuanzia 1914 hadi 1931. Mwenyewe aliandika kwamba mtaa ulipewa jina lake.

Jibu la pili lina watetezi wake. Shamba lilikuwa mali ya Karen Coffee Company, iliyoundwa 1916, na mwenyekiti wa kampuni hiyo alikuwa mjomba wake, Aage Westenholz. Mjomba huyo naye alikuwa na binti aitwaye Karen, na wapo wanaoshikilia kwamba kampuni ilipewa jina la binti, si la mpwa. Kwa maoni yetu ubishi huu hauna mshindi, ila unatukumbusha jambo moja: mtaa ulirithi jina la kampuni, na kampuni hiyo ilikuwa ya kahawa.

3. Je, Karen ni mtaa wa matajiri tu?

Wenye ploti ni watu wenye uwezo, ndiyo. Lakini asubuhi simama stegi ya Karen uone nani wanaoshuka: watunza bustani, mafundi, walimu, wauguzi, wapishi na askari wa malango, wengi wakitoka Ngong, Rongai, Dagoretti na Kibera. Idadi kubwa ya wanaoijua Karen kila kona yake hawalali Karen.

## Historia

4. Kabla ya kahawa, hapa palikuwa na nini?

Palikuwa mpakani mwa malisho ya Wamaasai na misitu na mashamba ya Wakikuyu, na mpaka huo haukuwa mstari mmoja. Wamaasai walilisha ng'ombe kwenye nyika za upande wa Ngong na Mbagathi. Wakikuyu walikuwa upande wa Dagoretti. Kulikuwa na biashara, kuoana na mara nyingine vita.

Serikali ya kikoloni ilichora mistari yake yenyewe. Kwa mapatano ya 1904, kisha ya 1911, Wamaasai walihamishwa kutoka malisho yao bora na kusukumwa katika hifadhi ya kusini, na ardhi ya nyanda za juu ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Shamba lililokuja kuwa Karen lilitokana na ugawaji huo. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema hapa palikuwa "pori tupu" kabla ya walowezi, ujue anarudia maneno ya wale waliopewa hati.

5. Karen Blixen alikuwa nani, na alifanya nini hapa?

Alizaliwa Rungsted, Denmaki, mwaka 1885. Januari 1914 alishuka meli Mombasa na papo hapo akafunga ndoa na mchumba wake, Bror von Blixen-Finecke, mwungwana wa Kiswidi, kisha wakapanda treni kwenda Nairobi kulima kahawa kwa mtaji wa ukoo wa bibi harusi. Bror alipenda kuwinda kuliko kulima. Mwaka 1921 kampuni ilimwondoa katika umeneja na mkewe akashika usukani, na mwaka 1925 walitalikiana.

Baada ya hapo alilisimamia shamba peke yake. Alikuwa na rafiki wa karibu, Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji na rubani, ambaye ndege yake ilianguka Voi mwezi Mei 1931. Mwaka huohuo shamba likauzwa, naye akarudi kwao. Kitabu chake kuhusu miaka hiyo, Out of Africa, kilitoka 1937 na kumpa jina duniani.

Msomaji wa hapa nyumbani anastahili kujua pia kwamba kitabu hicho hakikupokewa kwa mikono miwili na kila mtu. Ngũgĩ wa Thiong'o amekishutumu vikali, hasa kwa namna kinavyowafananisha Waafrika na wanyama. Ukikisoma, soma na lawama hizo. Kuna kurasa za upendo mkubwa na kuna kurasa za kuudhi, na mara nyingine ni ukurasa uleule.

6. Kwa nini kahawa ilishindwa?

Mahali hapakufaa. Karen iko juu mno kwa mbuni, penye baridi, na udongo wake una asidi. Miti ilikua na kuchanua, ila mavuno hayakulingana na gharama. Kati ya ekari 6,000 za kampuni, kama 600 tu ndizo zilizopandwa kahawa. Nyingine zilibaki msitu, malisho na mashamba ya maskwota, yaani familia za Kiafrika zilizoruhusiwa kukaa shambani kwa sharti la kufanya kazi (swali la 7).

Kisha yakaja ya kuja. Ukame ulirudi mara kwa mara. Kiwanda cha kukaushia kahawa kiliungua 1923. Baadaye walikuja nzige, na bei ya kahawa ikaanguka pamoja na uchumi wa dunia kuanzia 1929. Wenye hisa Denmaki walikuwa wamechoka kutuma fedha.

Jambo la kufikiria ni kwamba laiti kahawa ingestawi, huenda leo hapa pangekuwa na mashamba makubwa ya kampuni kama yale ya Kiambu na Thika, na mtaa wa Karen usingekuwapo.

7. Waafrika waliofanya kazi shambani walikuwa akina nani, na walikwenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo wageni huuliza mara chache na wenyeji huuliza mara nyingi.

Wengi walikuwa familia za Wakikuyu zilizoishi shambani kama maskwota. Sheria ya 1918 iliwataka watu wa aina hiyo kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa, kulima kishamba chao na kufuga. Wengine walikuwa wamezaliwa papo hapo, na wazazi wao kabla yao, lakini kwa sheria ya mkoloni walihesabiwa kuwa wapangaji wa mtu aliyefika juzi. Shuleni, watoto wao walisoma katika darasa dogo ambalo Blixen alilianzisha shambani. Mzee mkubwa wa Wakikuyu wa eneo hilo alikuwa Chifu Kinanjui wa Dagoretti, na mabishano mengi ya shamba yaliishia kwake.

Nyumbani kwa Blixen, mtu wa kwanza alikuwa Farah Aden, Msomali, aliyeshika funguo, fedha na mpangilio wa watumishi kwa miaka yote ile. Jikoni alikuwapo Kamante Gatura, Mkikuyu aliyefika kwa bibi huyo akiwa mtoto mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti kule Kikuyu, kisha akageuka mpishi hodari. Mwaka 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza alipokula chakula cha jioni katika nyumba hiyo, aliyepika ni Kamante. Lugha iliyowaunganisha Mdenmaki, Msomali, Mkikuyu na Mmaasai katika shughuli za kila siku ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha bara cha wakati ule, chenye kasoro zake na nguvu zake.

Shamba lilipouzwa 1931, maskwota walipewa notisi ya kuhama. Walichoogopa zaidi ni kutawanywa, kila familia na njia yake. Waliomba wahamishwe pamoja, na Blixen alizunguka ofisi za serikali kuwaombea hadi kwa Gavana. Mwishowe walitengewa kipande katika msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Sifa ya juhudi hizo anastahili, ila tusisahau hesabu yenyewe: watu walioondolewa walipewa kipande cha msitu, na ardhi waliyoilima ikakatwa ploti za kuuzia watu ambao wao hawakuruhusiwa kuwa miongoni mwao.

8. Shamba liligeukaje kuwa mtaa wa makazi?

Mnunuzi alikuwa Remi Martin, mfanyabiashara wa ardhi wa Nairobi. Aliligawa shamba katika viwanja vya ekari 20 na kuviuza kwa Wazungu waliotaka kuishi mashambani huku wakifanya kazi mjini. Mwaka 1937 ilianzishwa Karen Country Club na uwanja wake wa gofu. Barabara zilifuata mikunjo ya ardhi na mipaka ya ploti, na ndiyo maana hadi leo huwezi kukata kona tatu bila kupotea.

Miaka ilivyopita, ekari 20 zikawa kumi, tano, moja, na leo nusu ekari ndiyo kipimo kinachotetewa na wakazi (swali la 21). Ua wa kayaba uliopandwa na wenye ploti wa kwanza bado umesimama kwenye njia nyingi, umekuwa mnene kiasi kwamba mbuzi hapenyi.

9. Waafrika walianza lini kuishi Karen kama wenye nyumba?

Kwa jumla, baada ya Uhuru. Nairobi ya kikoloni ilipangwa kwa rangi, na nyanda za juu zilitengwa kwa Wazungu. Vizuizi hivyo vilipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, walowezi wengi waliuza na kuondoka, na walionunua walikuwa maafisa wa serikali, mawakili, madaktari na wafanyabiashara Waafrika na Waasia. Wengine miongoni mwa wazee wa Kizungu walichukua uraia wakabaki. Bei ya ardhi ilifanya kazi ambayo sheria ya rangi iliacha kuifanya, na hilo halijabadilika.

## Vya kuona

10. Ndani ya Makumbusho ya Karen Blixen kuna nini?

Nyumba yenyewe ndiyo kitu kikubwa. Ilijengwa 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren, kwa mawe, paa la vigae na veranda pana, na akina Blixen waliinunua 1917. Vyumba vimepangwa kama vilivyokuwa: maktaba, chumba cha kulia, vyumba vya kulala, ngozi za wanyama sakafuni. Jiko liko nyuma, limetengana na nyumba, nalo usiliruke kwa sababu hapo ndipo mpishi Kamante alipofanyia kazi (swali la 7). Bustanini kuna mitambo ya zamani ya kahawa. Kisha geuka uangalie magharibi: Vilima vya Ngong, vyote vinne, vinaonekana kama hakuna wingu.

Baada ya 1931 nyumba ilipita kwa wamiliki kadhaa. Mwaka 1964 serikali ya Denmaki iliinunua na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya Uhuru, ikatumika kama chuo cha lishe. Ilifunguliwa kuwa makumbusho 1986.

Ziara huongozwa, na ubora wake unategemea maswali yako. Muulize anayekuongoza habari za Farah na za maskwota, si za mapenzi tu, na utaona mazungumzo yanavyobadilika.

11. Ile sinema ilipigwa ndani ya nyumba hii?

Hapana. Filamu ya Out of Africa ya 1985 ilitumia nyumba nyingine ya zamani katika eneo hilohilo, inayojulikana kama Ngong Dairy. Baadhi ya vitu utakavyoviona kwenye makumbusho vilitengenezwa au kutumiwa katika filamu, na vingine ni samani halisi za Blixen, hivyo uliza kipi ni kipi kabla hujapiga picha. Kilicho kweli ni kwamba filamu ile, iliyopata tuzo saba za Oscar, ndiyo iliyoamsha hamu ya watu na kuisukuma nyumba iwe makumbusho.

12. Kituo cha Twiga ni cha watoto tu?

Watoto wanakipenda zaidi, lakini kazi yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Miaka ya 1970 twiga wa aina ya Rothschild nchini Kenya walikuwa wamebaki wachache, wengi wao katika ranchi moja ya Soy, karibu na Eldoret, ambayo ilikuwa igawiwe wananchi. Jock na Betty Leslie-Melville walichukua ndama mmoja, Daisy, wakamlea nyumbani kwao Lang'ata, kisha mwaka 1979 wakaanzisha shirika la kuwahifadhi. Kundi la Soy lilihamishiwa hifadhi kadhaa, mojawapo Ziwa Nakuru. Kituo cha mafunzo kilifunguliwa kwa umma 1983, na vizazi vya wanafunzi wa shule za Nairobi vimepita hapo kwa basi la shule.

Utawalisha vidonge vya chakula kutoka jukwaa lililo sawa na vichwa vyao. Ulimi wao ni mrefu na una mate mengi. Nenda asubuhi, wakati bado wana njaa, maana jioni hata ukiwabembeleza hawakutazami. Upande wa pili wa barabara kuna msitu mdogo wenye njia ya kutembea, ambao karibu kila mtu huuacha.

13. Watoto wa tembo wanaonekana saa ngapi?

Sheldrick Wildlife Trust, iliyoanzishwa 1977, hulea watoto wa tembo waliofiwa au kupotezana na mama zao, kisha huwarudisha polepole porini Tsavo. Wageni wa kawaida huruhusiwa kwa muda wa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uwe umejiandikisha mapema. Ukifika saa sita na robo umefika bure. Kituo kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande wa Magadi Road, kwa hiyo kiingilio cha hifadhi hulipwa kando.

14. Msitu wa Ololua una nini?

Mbali na mabasi ya watalii, hapa ndipo Karen inapofanana na ilivyokuwa. Njia ya kilomita kama tano inapita msituni kando ya mto, hadi kwenye maporomoko madogo, kinamasi cha mafunjo na pango ambalo husimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo miaka ya 1950. Msitu uko chini ya uangalizi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani, ambayo chimbuko lake ni kazi za Louis Leakey.

Vaa viatu visivyoteleza. Wikendi huja wanakwaya, vikundi vya vijana na wapenzi. Ukitaka kusikia ndege, nenda katikati ya wiki.

15. Kazuri ni duka au kiwanda?

Vyote viwili. Susan Wood, aliyezaliwa Kongo kwa wazazi wamisionari, alianza 1975 na wanawake wawili waliofinyanga shanga za udongo nyuma ya nyumba yake, katika ardhi iliyokuwa ya shamba la Blixen. Leo ni mamia, wengi wao akina mama wanaolea watoto peke yao. Utaona udongo ukikandwa, shanga zikiviringishwa kwa mkono, zikichomwa na kupakwa rangi. Nenda siku ya kazi, kwani wikendi utakuta duka tu.

Mumewe, Michael Wood, ni miongoni mwa waanzilishi wa AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanza 1957.

16. Kaburi la Finch Hatton liko Karen?

Kaburi la rafiki huyo wa Blixen (swali la 5) haliko Karen. Liko juu kwenye Vilima vya Ngong, Kajiado, na lina nguzo ya mawe iliyosimamishwa na kaka yake. Blixen aliandika kwamba Wamaasai walimpelekea mkuu wa wilaya wa Ngong habari za simba waliokuwa wakija kulala juu ya kaburi. Siku hizi huwezi kuwategemea simba, ila upepo upo. Nenda na mtu anayeijua njia, na ukitaka kupanda vilima vyenyewe, lipa kiingilio na uandamane na askari wa misitu au kikundi.

## Kufika na kuzunguka

17. Nipande matatu gani kutoka mjini?

Namba 111 hupita Ngong Road kuelekea Ngong, na 24 hupita Lang'ata Road hadi Karen kupitia Hardy. Ya kwanza inafaa ukitaka mzunguko wa Karen, ya pili ukiwa na nia ya kwenda kwa twiga, ambao wako upande wa Lang'ata. Kutoka stegi hadi makumbusho, Kazuri au Ololua utahitaji bodaboda au teksi. Njia ya Lang'ata Road ina faida ya ziada: unapita Uhuru Gardens, ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963.

18. Vyote vinaweza kuonwa kwa siku moja?

Vinaweza, lakini usijaribu. Saa ya tembo (swali la 13) ndiyo inayopanga siku. Anza na twiga wakifungua, saa tatu asubuhi, nenda kwa tembo saa tano, kula, kisha makumbusho alasiri. Ololua na Kazuri ziachie siku nyingine.

19. Naweza kutembea kwa miguu?

Mchana, ndiyo, na ndiyo njia nzuri ya kuona miti. Tatizo ni kwamba barabara nyingi za ndani hazina njia ya waendao kwa miguu; utatembea ukingoni huku magari yakipita karibu. Giza likiingia chukua gari. Umbali pia hudanganya, kwa kuwa ploti ni kubwa na "nyumba ya tatu" inaweza kuwa nusu kilomita.

20. Kiingilio ni bei gani, na hali ya hewa ikoje?

Bei hubadilika, kwa hiyo hatuziandiki hapa. Karibu kila mahali kuna viwango tofauti kwa Wakenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wengine, basi beba kitambulisho. Usitegemee noti, malipo mengi ni kwa simu, kadi au mtandaoni.

Kuhusu hali ya hewa: Karen ni baridi kuliko mjini. Julai huamka na ukungu, na sweta ni lazima. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na hapo Ololua huwa matope. Jakaranda huchanua kuanzia Septemba hivi, na mwezi wa Oktoba barabara nzima zinakuwa zambarau.

## Maswali ya pembeni

21. Kwa nini wakazi wanapinga maghorofa?

Watu wa nje huona kiburi, na kiburi kidogo kipo. Lakini sababu ya msingi iko chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya Karen haina mabomba ya majitaka; kila nyumba ina tangi lake la kuhifadhi na kuchuja uchafu, na wengi hutumia maji ya visima virefu. Ploti kubwa huupa udongo nafasi ya kusafisha. Weka familia arobaini penye familia moja, na visima ndivyo vitakavyoonja kwanza. Chama cha wakazi cha Karen na Lang'ata kimekuwapo tangu 1940 na kinajua njia ya mahakamani.

Upande wa pili nao una hoja: jiji linahitaji nyumba, na ekari zilizopimwa kwa ajili ya walowezi (swali la 8) si kipimo kitakatifu. Kwa maoni yetu, mabomba yaje kabla ya ghorofa.

22. Bado kuna kahawa ya shamba lile?

Kahawa unayonywa kwenye mikahawa ya Karen hutoka kwingine, hata ikiwa na jina la Blixen kwenye pakiti. Mikahawa mizuri ipo, mmojawapo katika bustani za nyumba ya zamani iliyohusiana na kampuni ya Waswidi waliotangulia kulima hapa.

23. Ni kweli kuna fisi na simba?

Fisi na chui husikika na kuonekana mara mojamoja, hasa karibu na misitu na upande wa Hifadhi ya Taifa, na kima ni majirani wa kila siku. Simba ni nadra, ila Februari 2016 waliwahi kutoka hifadhini na kuingia mitaa ya Lang'ata. Ukialikwa kukaa huko, usiache mbwa mdogo nje usiku, na usiwape kima chakula, maana kesho watarudi na jamaa zao.

24. Blixen aliwahi kurudi? Amezikwa hapa?

Hakurudi tena Afrika baada ya 1931. Alifariki 1962 na amezikwa Rungsted, kwao. Aliendelea kuandikiana barua na watu wa shamba kwa miaka mingi.

25. Naweza kupiga picha majumba ya kifahari barabarani?

Barabara ni ya umma, ila malango yana askari, na wengine miongoni mwao watakuuliza unapiga picha ya nini. Salimia kwanza, eleza shida yako, na ukiambiwa hapana, endelea na safari. Balozi na makazi ya viongozi yasipigwe picha kabisa.